Safari ya Siku Moja Kaskazini mwa Iceland Majira ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mzunguko unaoanzia mji wa Akureyri: maporomoko ya Goðafoss, ziwa Mývatn, mila za Krismasi za Dimmuborgir (uwanja wa minara ya lava), na kumalizia kwenye bwawa la maji moto. Saa zote humu ni za Kiswahili, isipokuwa pale tulipotaja saa za tiketi.

## Mambo ya msingi

Safari inapita wapi hasa?

Kutoka Akureyri unavuka chini ya mlima kwa handaki la Vaðlaheiðargöng, lenye urefu wa takriban kilomita 7.5, na baada ya kilomita kama 34 uko Goðafoss. Kutoka hapo barabara namba 1 inaendelea mpaka ziwa Mývatn. Kijiji cha Reykjahlíð, ukingoni mwa ziwa, kiko kilomita kama 83 kutoka Akureyri. Dimmuborgir, Hverir (uwanja wa matope yanayochemka) na bwawa la maji moto vyote viko karibu na kijiji hicho. Kurudi ni njia ile ile.

Kilomita ni chache. Mbona inachukua siku nzima?

Kwa sababu ya mwanga. Tarehe 21 Desemba jua la Akureyri huchomoza karibu saa 5:40 asubuhi na kuzama saa 8:40 mchana. Huenda usilione jua lenyewe hata kidogo: hupanda nyuzi 1 hivi tu juu ya upeo, na milima inalikinga. Kinachokusaidia ni weupe wa alfajiri na wa jioni, ambao huongeza zaidi ya saa moja kila upande.

Ndiyo maana mpangilio wa vituo ni muhimu kuliko idadi yake. Ratiba nzuri ya Desemba huondoka karibu saa 4 asubuhi na kufika Goðafoss weupe ukiwa umeanza. Dimmuborgir na Hverir hutembelewa katikati ya mchana, na watu huingia majini saa 9 alasiri giza linapoanza. Kuoga gizani hakupunguzi utamu wowote, lakini maporomoko gizani ni ngurumo tu. Ukikuta ratiba inayoanza na bwawa, waulize sababu. Wasipokuwa na jibu, tafuta nyingine.

Mwezi gani ni bora?

Inategemea unafuata nini. Kwa mila za Krismasi, njoo kati ya mwanzo wa Desemba na tarehe 6 Januari. Kwa maporomoko na theluji yenye mwanga wa kutosha, Februari ni bora zaidi: mwishoni mwa mwezi huo mchana unakaribia urefu wa saa 10. Katikati ya Januari una mchana wa saa 5 hivi na mila zimekwisha, kwa hiyo utakosa vyote viwili.

Tiketi imeandikwa 09:30. Ni saa ngapi?

Saa 3:30 asubuhi, kwa saa za Iceland. Iceland hufuata saa za Greenwich mwaka mzima bila kusogeza, hivyo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Simu yako ikiwa bado inasoma saa za Nairobi au Dar es Salaam, itakuonyesha 12:30.

Nafikaje Akureyri?

Ndege nyingi za kimataifa hutua Keflavík, lakini ndege za ndani za kwenda Akureyri huondoka kwenye uwanja mdogo ulio ndani ya jiji la Reykjavík, kilomita kama 50 kutoka Keflavík. Wengi hukosea hapa: wanaacha saa mbili kati ya ndege mbili wakidhani ni jengo moja. Acha saa nne au zaidi, au lala Reykjavík usiku mmoja. Ndege yenyewe huchukua kama dakika 45. Kwa gari ni kilomita 388, mwendo wa saa tano barabara ikiwa safi. Wakati wa baridi usiihesabu kuwa safi.

Ninahitaji viza?

Iceland imo kwenye eneo la Schengen tangu 2001. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15 kabla yake. Desemba kuna msongamano, usingoje hizo siku 15. Katika nchi nyingi maombi ya Iceland hushughulikiwa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen, kwa hiyo hakikisha mapema ni upi.

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Sweden au nchi nyingine ya Schengen, huhitaji viza tena. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakihesabiki. Hilo huwakwaza wengi wanaoishi London kwa pasipoti ya nyumbani.

## Maporomoko

Goðafoss ni makubwa kiasi gani? Huganda?

Yana urefu wa mita 12 na upana wa mita 30 hivi, yakipinda kama nusu duara. Mto wake, Skjálfandafljót, unatoka nyanda za juu katikati ya nchi. Si marefu, lakini unayatazama kwa karibu, jambo lisilowezekana kwa mengi yaliyo makubwa zaidi.

Hayagandi yote. Pembeni hujengeka mapazia ya barafu ya buluu, katikati maji yanaendelea kushuka, na mvuke wa maji huganda juu ya kila kitu: mawe, nyasi, lenzi ya kamera, kope zako. Mvuke huo ndio hatari yenyewe. Hugeuza njia kuwa kioo, hata siku ambayo maegesho ni makavu. Kaa mita kadhaa kutoka ukingoni, kwani theluji inayoonekana kama ardhi inaweza kuwa imening'inia juu ya shimo. Viatu vyenye meno ya chuma ya kuvalisha chini si anasa hapa.

Ile hadithi ya sanamu za miungu ni kweli?

Iceland ilipokea Ukristo kwa uamuzi wa baraza lake, Alþingi, karibu mwaka 1000. Aliyeamua ni Þorgeir, msomasheria wa baraza, aliyekuwa bado akifuata dini ya asili na aliyetoka eneo hili. Hayo yamo kwenye maandishi ya kale. Kwamba alirudi nyumbani akazitupa sanamu zake kwenye maporomoko haya ni simulizi iliyokuja baadaye sana. Mwongozaji akikusimulia, furahia, ila usiinukuu darasani.

Mbona Dettifoss haimo?

Dettifoss yana urefu wa mita 44 na upana wa mita 100, na kila mtu huyaulizia. Tatizo ni barabara ya kuyafikia, ambayo majira ya baridi hufungwa mara nyingi kwa theluji. Magari makubwa yenye magurudumu mapana hufika baadhi ya siku, lakini hiyo ni safari ya peke yake na bei yake ni ya peke yake.

## Mila za Krismasi

Hao ndugu 13 wa Krismasi ni akina nani?

Huitwa *jólasveinar*. Watoto wa Iceland hawana Baba Krismasi mmoja, wana ndugu 13 watukutu wanaoshuka milimani mmoja mmoja, kila usiku mmoja, kuanzia asubuhi ya tarehe 12 Desemba hadi tarehe 24. Mtoto huweka kiatu dirishani. Akiwa mwema hukuta zawadi ndogo, akiwa mkaidi hukuta kiazi.

Kila mmoja ana tabia yake, na tabia hizo zinakuonyesha kilichokuwa na thamani kwenye nyumba ya mkulima maskini. Þvörusleikir hulamba mwiko. Pottaskefill hukomba ukoko wa sufuria. Skyrgámur hufakamia maziwa mazito yaitwayo skyr. Hurðaskellir hubamiza milango watu wakiwa wamelala. Ketkrókur hushusha kulabu kwenye bomba la moshi kuiba nyama, naye Kertasníkir, wa mwisho, hufuata watoto ili awaibie mishumaa, iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama na hivyo kulika.

Mama yao, Grýla, ni zimwi hasa, anayebeba watoto wakaidi kwenye gunia na kuwapika. Baba, Leppalúði, ni mvivu. Kuna pia paka wa Krismasi, anayemla yeyote ambaye hakupata nguo mpya. Zamani ndugu hawa walitisha kweli: mwaka 1746 ilitolewa amri ya kuwakataza wazazi kuwatisha watoto kwa mazimwi ya aina hii. Upole walio nao leo, na mavazi mekundu, walivipata baadaye.

Nitawakuta kweli Dimmuborgir?

Wakati wa Majilio, yaani wiki za kuelekea Krismasi, ndiyo, mara nyingi. Dimmuborgir ni msitu wa minara na mapango ya lava nyeusi, iliyotokana na mlipuko wa miaka kama 2,300 iliyopita, na ndiko inakosemwa ndugu hao wanaishi. Hujitokeza karibu na adhuhuri kwenye saa zilizopangwa, ambazo hubadilika kila mwaka. Usitarajie wote 13. Utakuta wachache, wamevaa sufu nzito za kizamani, wakitania, wakiimba na kuwauliza watoto maswali ya kuwaaibisha. Kiingereza wanakijua lakini hujifanya hawakijui. Ukiwa na watoto, ratiba yako yote ipangwe kuizunguka saa hiyo.

Mwanzoni mwa Desemba kuna pia siku ambayo ndugu hao huoga kwenye bwawa la Mývatn, oga yao ya mwaka. Wanakwenda kwa kulalamika na kusukumana. Tiketi za siku hiyo huisha mapema.

Nikifika baada ya tarehe 25 nimekosa kila kitu?

Hapana. Ndugu huondoka kama walivyokuja, mmoja kila siku kuanzia tarehe 25, na wa mwisho huondoka tarehe 6 Januari. Siku hiyo, *þrettándinn*, huagwa Krismasi kwa mioto mikubwa na fataki. Mkesha wa Mwaka Mpya nao una mioto na fataki nyingi kuliko unavyotarajia kwa mji wa watu elfu ishirini hivi. Kinachokosekana baada ya tarehe 24 ni ndugu wa Dimmuborgir wenyewe.

Tarehe 24 na 25 kuna kinachofanya kazi?

Kidogo sana. Krismasi huanza rasmi saa 12 jioni tarehe 24, kengele zinapolia, na maduka hufunga mchana wa siku hiyo. Tarehe 25 mji hulala kabisa. Nunua chakula tarehe 23, na uulize bwawa saa zake kwa maandishi, usitegemee ramani ya simu. Kama una siku moja tu ya ziara, usiiweke kwenye tarehe hizi mbili.

Nijaribu chakula gani, na kipi ni halali?

Kaskazini ndiko *laufabrauð* ina nguvu zaidi. Ni mkate mwembamba wa duara, unaosukumwa mpaka karibu uonyeshe upande wa pili. Familia hukaa mezani pamoja na kuukata kwa kisu kidogo au gurudumu la shaba: safu za alama za V, kisha ncha moja hukunjwa juu ya nyingine, ndipo ukakaangwa haraka kwenye mafuta ya moto. Huliwa na siagi na *hangikjöt*, nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, mara nyingi wa samadi kavu ya kondoo. Harufu ya moshi huo hukaa kwenye koti lako wiki nzima.

Mývatn ina mkate mweusi wa nafaka ya rai (rye) unaookwa kwa kuzikwa kwenye ardhi yenye joto kwa takriban siku nzima. Ni mtamu, mzito, na huliwa na samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi. Kwa Mwislamu mlo huo ndio rahisi, lakini uliza mafuta yaliyotumika. Kondoo wa mkahawani usidhani ni wa halali, na nyama nyingine za Krismasi ni za nguruwe. Tarehe 23 Desemba huliwa samaki aitwaye taa, aliyechachushwa. Harufu yake ni ya amonia, nayo itakupokea mlangoni.

Nyumba ya Krismasi inayotajwa Akureyri iko njiani?

Haiko. Jólagarðurinn, nyumba nyekundu iliyopambwa kama keki, iko kilomita kama 10 kusini mwa mji, upande usiokwenda Mývatn. Iko wazi mwaka mzima. Iwekee siku nyingine.

## Maji moto

Bwawa ni chemchemi ya asili?

Nusu nusu. Bwawa la Mývatn, lililofunguliwa 2004, hupata maji kutoka kisima kilichochimbwa Bjarnarflag, ambako kuna mtambo wa umeme wa mvuke. Hutoka yakiwa na nyuzi kama 130, yakapozwa hadi 36–40 kabla hujayagusa. Aliyeona mabwawa ya Olkaria karibu na Naivasha ataelewa mara moja, kwani utaratibu ni ule ule. Si ajabu: wahandisi wengi wa jotoardhi wa Kenya walisomea Iceland.

Bwawa jingine, Skógarböðin, liko karibu na Akureyri na lilifunguliwa 2022. Maji yake yaligunduliwa kwa bahati wakati wa kuchimba lile handaki: yalibubujika na kuwasumbua wachimbaji. Hali ya hewa ikizuia Mývatn, hili ndilo mbadala.

Ni lazima nioge uchi mbele ya watu?

Lazima uoge kwa sabuni bila nguo ya kuogelea kabla ya kuingia, kwani maji hayawekwi dawa nyingi. Wanawake na wanaume wana vyumba tofauti. Mara nyingi kuna vibanda vichache vyenye pazia au mlango. Ingia mapema au ngoja zamu, hakuna atakayekushangaa. Kitakachokuletea shida ni kuruka hatua hiyo, maana wahudumu hukurudisha.

Naruhusiwa burkini?

Kwa kawaida ndiyo, mradi iwe ya kitambaa cha kuogelea. Leso, kanga na fulana za pamba hazikubaliki. Thibitisha unapokata tiketi.

Nywele na vito vitaharibika?

Fedha na shaba hugeuka nyeusi kwa salfa, acha vyote hotelini. Madini hukausha nywele vibaya, hasa zilizowekwa dawa na za kipilipili. Zilowanishe kwa maji safi, paka kondishena nyingi bila kuisuuza, funga juu, usizizamishe. Misuko mizito ikilowa haitakauka mpaka usiku, na nje itaganda. Beba kofia ya plastiki ya kuvaa chini ya kofia ya sufu.

Nani asiingie?

Mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Kwa wengine, toka kila baada ya dakika 15–20, kunywa maji, usinywe pombe. Wanaozimia huzimia wakati wa kutoka, wanaposimama ghafla.

Je, Grjótagjá? Nimeona picha za watu wakiogelea.

Ni pango lenye maji ya buluu. Kuoga kumepigwa marufuku. Milipuko ya volkano ya Krafla ya 1975–1984 ilipandisha joto lake kupita kiasi, na hata baada ya kushuka hubadilikabadilika. Angalia tu.

Hverir ni salama kukaribia?

Kwenye njia, ndiyo. Ni uwanja wa matope yanayochemka na mashimo ya mvuke, ndugu wa chemchemi za ziwa Bogoria, ila hapa theluji imezunguka. Usivuke kamba. Udongo mweupe au wa manjano laini ni ganda jembamba juu ya tope linalounguza. Salfa inanuka yai viza, na tope hushika viatu na sakafu ya gari.

## Mavazi, barabara na hali ya hewa

Nivae nini?

Wastani wa Akureyri ni chini kidogo ya sifuri, Mývatn ni baridi zaidi, na upepo ndio unaoumiza. Vaa tabaka tatu: nguo za ndani za sufu, sweta, na koti pamoja na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Pamba ikilowa jasho hukuganda mwilini, jinzi pia. Soksi ziwe jozi moja nene ya sufu. Jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hupoa zaidi. Betri ya simu weka mfuko wa ndani.

Niendeshe mwenyewe?

Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, hapana. Barafu haionekani, na theluji inayopeperushwa chini chini huifuta barabara machoni pako. Ukiendesha: taa ziwake mchana na usiku, mwisho ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami siku nzuri tu, na ushike mlango kwa mikono miwili unapoufungua. Upepo huukunja mlango nje, na bima nyingi za kukodi hazilipi hilo. Handaki halina kibanda cha malipo. Kamera husoma namba, nawe lipa mtandaoni siku hiyo hiyo, la sivyo aliyekukodisha atakutoza na nyongeza.

Safari ikifutwa?

Angalia vedur.is kwa hewa na umferdin.is kwa barabara jioni na asubuhi. Tahadhari ya manjano ni ya kawaida, ya chungwa kwa kawaida husimamisha safari, nyekundu hufunga nchi. Kampuni ikifuta, hukurudishia fedha au kukubadilishia siku. Wewe ukifuta siku hiyo kwa kuogopa baridi, hupati kitu. Usiweke ndege ya kurudi kesho yake alfajiri. Dharura ni 112.

## Yasiyo ya kawaida

Swala nazipangaje mchana ukiwa mfupi hivyo?

Karibu na tarehe 21 Desemba Adhuhuri huingia saa 7:10 mchana, Alasiri muda mfupi sana baadaye, na Magharibi saa 8:40. Zote tatu huangukia kati ya Dimmuborgir na bwawa. Wasafiri wengi hukusanya Adhuhuri na Alasiri kwenye kituo cha chakula. Mwambie mwongozaji asubuhi, asimamishe mahali pasipo na upepo.

Nitaona mianga ya kaskazini?

Giza lipo tele. Kinachoamua ni mawingu, kwa hiyo tazama ramani ya mawingu ya vedur.is kabla ya namba za nguvu ya mianga. Bwawani utazame upande ulio mbali na taa za jengo.

Nina siku moja tu na niko Reykjavík. Nipande kaskazini?

Usipande. Kwenda na kurudi siku moja kwa ndege kunawezekana, lakini ndege ikichelewa saa moja mwanga umekwisha. Zunguka mbuga ya taifa ya Þingvellir, chemchemi ya Strokkur inayorusha maji kila dakika 5–10, na maporomoko ya Gullfoss yenye mita 32, kisha oga kijiji cha Flúðir kwenye bwawa lililojengwa 1891. Huko mchana wa Desemba una saa moja zaidi, na kanuni ya mwanga kwanza, maji moto baadaye, ni ile ile.